Chiti ya Kuku

Reuben aliletwa dispensari Jumanne saa nne asubuhi, amelazwa kifudifudi juu ya toroli ya kubebea mkonge, na wale watu wanne waliomsukuma hawakutaka kumtazama nesi Mable usoni. Walimwinua, wakamweka juu ya meza, wakarudi nyuma hadi mlangoni na kusimama pale, visu vyao vya mkonge vikining'inia viunoni. Mable aliwajua wote kwa majina. Katika shamba lile hapakuwa na mkata mkonge ambaye hajapita mikononi mwake, kwa homa au kwa jipu. Aliwaamkia, akaitikiwa na mmoja tu, Kiilu, naye aliitika chini chini kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

Shati la Reuben lilikuwa limeshikana na mgongo. Mable alilikata kwa makasi, akalilowesha, akalibandua kipande kipande, huku mgonjwa akitoa sauti moja ndefu isiyo na maneno. Chini ya shati hapakuwa na ngozi ya kutajwa. Michirizi ya kiboko ilikuwa imepandana hadi ikawa kidonda kimoja kutoka mabegani hadi kiunoni. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko, mfupa umetokeza nje, na nyuma ya sikio palikuwa na mpasuko mrefu uliokuwa ukitoa damu bado. Aliyempiga alianza na kiboko akamalizia na rungu.

Kutoka stesheni ya Voi hadi Mwatate kulikuwa na manyapara wengi, na wengi wao walipiga watu. Miaka ile hilo halikuwa jambo la kushangaza mtu. Lakini aliyetembea na vyote viwili, kiboko kwapani na rungu mkononi, alikuwa mmoja tu. Mable alikuwa amempikia uji asubuhi hiyo hiyo.

"Nani amempiga?" aliuliza hata hivyo.

Wale wanne waliangalia sakafu. Kabla hajauliza mara ya pili, Mwandawiro mwenyewe aliingia, kaptura ya kaki imepigwa pasi, soksi zake ndefu zina matone ya damu. Hakumsemesha mkewe. Alikwenda moja kwa moja kwa Ndambuki, dresa mkuu, mzee wa Kikamba aliyetunza rejista na ufunguo wa kabati la dawa.

"Ameanguka kutoka kwenye toroli," alisema. "Alikuwa amelewa. Andika hivyo."

"Tumpeleke hospitali ya Voi?" Ndambuki aliuliza. "Mfupa uko nje."

"Bwana meneja amesema atibiwe hapa hapa."

Ndambuki alichovya kalamu akaandika. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja arudi kwao Ukambani akapumzike, na mtu aliyebakiza mwaka mmoja huandika haraka. Mwandawiro alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwakunjwa, akaitupa juu ya meza, karibu na kichwa cha mgonjwa. Ilikuwa chiti ya kupumzika siku tatu, na mwandiko ulikuwa wa Mable.

"Na hii, mama Dinah," alisema, "tutaizungumza nyumbani."

Hapa lazima tuseme habari ya chiti, maana ndiyo iliyomlaza Reuben juu ya meza ile. Mkata mkonge aliyekosa kufika kazini bila chiti ya dispensari aliandikwa mtoro, na mtoro wa mara tatu alifukuzwa na familia yake ikatolewa kwenye nyumba za laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Kwa hiyo karatasi ile ndogo ilikuwa na uzito kuliko dawa yenyewe. Mable hakuwahi kumwomba mtu kitu ili amwandikie. Ila alikuwa binti wa milimani, wa kwao Wundanyi, na kwao mtu aliyekusaidia humwendei mikono mitupu, wala anayeletewa harudishi, maana kurudisha ni kumtukana aliyeleta. Basi waliotibiwa walileta. Wakaleta ndizi, wakaleta maboga, wakaleta kuku. Baadaye wakaanza kuleta kabla ya kutibiwa, na Mable akapokea vile vile, akitabasamu vile vile. Kama mwenye kuku alitangulizwa mbele ya asiye na kuku? Tusidanganyane, alitangulizwa. Mable mwenyewe hakuwahi kukaa akajiuliza.

Jumatatu ile Reuben alikuwa na malaria kweli, meno yanagongana, na mkewe Wakesho alikuja naye akiwa na kuku wawili waliofungwa miguu. Jumanne alfajiri, watu walipopanga mstari wa kuitwa majina, Kiilu, ambaye hakuweza kuishi siku nzima bila kufanya utani, alisema kwa sauti: "Nyapara, tuambie, chiti kwa mkeo ni kuku mmoja au wawili? Wengine tunafuga." Mstari mzima ukacheka. Watu mia mbili walimcheka Mwandawiro kwa mara moja. Hakumgusa Kiilu. Alikwenda kwenye laini, akamvuta Reuben kutoka mkekani, akamnyang'anya chiti akaikunjakunja ngumini, akampiga kuanzia mlangoni kwake hadi kwenye mkonge.

Saa saba Mable alikwenda nyumbani na kumkuta mumewe jikoni. Wale kuku wawili walikuwa bado wamefungwa karibu na mafiga. Mwandawiro aliinama, akamchukua wa kwanza, akamnyonga shingo hadi kichwa kikatoka, akamtupa ukutani. Akamchukua wa pili akafanya hivyo hivyo. Aliyafanya yote hayo polepole, bila kelele, na damu ikamrukia Mable kwenye aproni yake nyeupe. Dinah, binti yao wa miaka mitano, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Mable alimwambia aende akacheze kwa jirani.

"Hawa ndio waliompiga Reuben," Mwandawiro alisema. "Si mimi. Ni hawa, na wewe uliyewapokea."

"Mtu alikuwa mgonjwa, baba Dinah. Homa yake niliipima mwenyewe."

"Na kuku ulikuwa unawapima nini?"

Mable alianza kupangusa damu kwenye aproni yake, na hilo ndilo lililomuudhi mumewe. Alimpiga kofi lililomkalisha chini, kisha akampiga teke, si kwa nguvu zake zote, kwa nguvu za mtu aliyechoka. Halafu akakaa juu ya kinu na kujishika kichwa. Mable alibaki pale pale chini, sikio linavuma, akimtazama. Alimchukia na akamwonea huruma, vyote kwa pamoja, na hakujua aanze na kipi.

"Sikia," Mwandawiro alisema. "Huyu mtu akifa, nanyongwa. Akipona akasema, nafungwa, na wewe na mtoto mnatolewa kwenye nyumba hii siku hiyo hiyo. Jumamosi Bwana Leba, yule afisa wa kazi wa serikali, anakuja kukagua shamba. Kwa hiyo apone, na asiseme. Mimi sina dawa ya hayo. Wewe unayo."

Akasimama, akapangusa mikono, akarudi kazini. Mable aliwaokota wale kuku akawafukia nyuma ya choo. Hakuweza kuwapika.

Tangu siku ile hakuna mgonjwa aliyewahi kuuguzwa katika dispensari ile kama alivyouguzwa Reuben. Mable alimshona kichwa nyuzi kumi na moja. Aliurudisha mfupa mahali pake huku Ndambuki amemkalia mgonjwa miguu, akaufunga kwa banzi zilizochongwa kutoka mlingoti wa mkonge. Sindano ya penisilini hakuikosa saa yake. Alileta shuka za kitanda chake mwenyewe. Maziwa ya Dinah aliyagawa nusu, akamnywesha Reuben kwa kijiko, akimwinua kichwa kwa mkono wa kushoto, kijiko baada ya kijiko, hadi kikombe kiishe.

Wodi ilikuwa na vitanda vinane, na wagonjwa hawana kazi nyingine isipokuwa kuangalia. Kwenye kitanda cha nne alilala mzee Kituku, aliyekatwa vidole vitatu na mashine ya kukamulia mkonge, na bandeji yake ilikuwa haijabadilishwa tangu Jumatatu. Alhamisi ilikuwa imeanza kunuka.

"Mama," Kituku aliita Mable akipita na kikombe, "sisi tusiopigwa na mumeo tutakunywa maziwa lini?"

Vitanda vyote vilicheka, hata mwanamke mwenye kichomi alicheka hadi akakohoa. Mable alihisi uso unawaka. Alirudi na pamba na maji ya chumvi, akaifungua ile bandeji. Usaha ulikuwa umepanda hadi kwenye kiganja. Alipokuwa akiukamua, mzee Kituku aliuma shuka, na baada ya kumaliza alisema bila hasira yoyote, "Siku mbili zaidi ungeukata mkono mzima." Mable alimwomba radhi. Kituku alisema radhi haina neno, alete tu maziwa kidogo.

Reuben alikuwa amesikia yote. Mable alipokaa karibu naye alifungua macho.

"Maziwa haya ni ya dispensari?" aliuliza kwa Kidawida, lugha ya Wataita.

"Ni ya kwangu."

"Na shuka?"

"Za kwangu."

Alivuta pumzi kwa shida. "Basi niambie unataka nini, sista. Mke wangu alikuletea kuku, hakukuficha alichotaka. Na wewe usinifiche. Nikishayanywa yote nitashindwa kukukatalia."

Mable alitaka kusema hataki kitu. Angesema hivyo wiki iliyopita, tena angeapa. Alijaza kijiko kingine kupita kiasi, maziwa yakamwagika kwenye kidevu cha mgonjwa.

"Nataka upone," alisema.

"Hilo nalitaka hata mimi. Na la pili?"

Mable alimpangusa kidevu, akaondoka bila kulitaja.

La pili lilitajwa Ijumaa na Mwandawiro. Wadawida wana kitu wanakiita kutasa. Mtu mwenye hasira na mwenzake hujaza kinywa maji, au pombe ya muwa kama ipo, huyapuliza hewani mbele ya mashahidi, na kusema hasira yake imetoka, isimdhuru yule wala nyumba yake. Wamisionari walikuwa wamewakataza kwa miaka hamsini, na watu waliendelea kutasa wakitoka kanisani. Uzito wake uko hapa: ukishatasa, umemaliza. Huendi tena kwa chifu, huendi kwa hakimu, hulitaji jambo lile hata kwa mkeo, maana hasira uliyoitoa ukiirudisha itakula nyumba yako mwenyewe.

"Atase leo," Mwandawiro alimwambia mkewe. "Kesho Bwana Leba akimuuliza, hatakuwa na la kusema. Yeye ni mtu wa Sagalla, anajua. Wewe ndiye umemnywesha, wewe mwombe."

Mable aliomba. Alipiga magoti kando ya kitanda, katikati ya mchana, wodi nzima ikimwona, na Wakesho, mke wa Reuben, amekaa upande wa pili akimpepea mumewe nzi. Kabla Reuben hajasema, Wakesho alisema yeye.

"Alimburuta mbele ya watoto wangu. Mdogo mpaka leo anajikojolea akisikia mtu anabisha hodi. Unamwombea huyo msamaha kwa vikombe vya maziwa?"

"Dada, mimi nina mtoto pia."

"Najua unaye. Ndiye aliyekula mayai ya kuku wangu."

"Wakesho, nyamaza," Reuben alisema. Akamgeukia Mable. Alikuwa mtu wa kawaida, si mlokole, si shujaa. Alikuwa amechoka na mgongo ulimuuma. "Nitatasa," alisema. "Hasira ni mzigo, na mimi hata blanketi siwezi kulibeba. Lakini Ndambuki ameandika nilianguka nikiwa nimelewa. Mimi sinywi. Mtu akisoma karatasi ile miaka mia kutoka leo ataniona mlevi aliyeanguka mwenyewe. Mimi nitanyamaza, sista, nitanyamaza hadi kufa. Wewe uandike. Si lazima useme. Uandike tu ulichokiona mgongoni kwangu, utie jina lako. Hayo ndiyo makubaliano."

"Nitaandika," Mable alisema.

Alisema bila kufikiri, na alipokuwa akisema alikuwa anamaanisha. Hilo tumpe.

Saa kumi jioni walikusanyika. Mwandawiro alikuja na mlinzi wa ghala, mzee wa Mgange, awe shahidi wa upande wake. Kiilu alikuwepo, maana alikuja kumwona Reuben kila siku baada ya kazi, akakaa miguuni bila kufanya utani wowote. Mable alimwinua mgonjwa, akamtilia maji kinywani. Reuben aliyapuliza, yakawa ukungu mbele ya soksi za Mwandawiro. Akasema kwa sauti iliyokwaruza kwamba kilichokuwa moyoni kimetoka, kisimguse mtu huyu, kisimguse mkewe wala mtoto wake. Alifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu maji yalikuwa na damu kidogo.

Mwandawiro alishusha pumzi waziwazi. Akainama akamshukuru, na machozi yakamlengalenga, kwa sababu naye aliamini, na hofu ya siku nne ilikuwa imemtoka kwa mara moja.

"Wanafanya nini hawa?" Kiilu alimnong'oneza Ndambuki kwa Kikamba. Ndambuki alimweleza. Kiilu alisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua kofia yake akatoka nje.

Watu walipoondoka, Ndambuki aliifungua rejista, akaweka kalamu juu yake na kuisogeza mbele ya Mable. "Pana nafasi chini ya mstari wangu," alisema. "Wino upo." Akaenda kusimama dirishani na kumpa mgongo.

Mable aliufuata ule mstari kwa kidole: Reuben, mkata mkonge, alianguka kutoka kwenye toroli akiwa amelewa. Alichovya kalamu. Aliandika herufi moja ya jina lake. Halafu akafikiri: Reuben ameshatasa. Hawezi kulirudisha. Kwa nini niwashe moto uliokwisha kuzimwa? Wazo lile lilikuwa tamu, lilimkaa vizuri kifuani, na lilikuwa la aibu, na alijua ni la aibu. Akaifuta ile herufi kwa kidole kilicholoweshwa mate, akaifunga rejista.

Ndambuki alipogeuka aliliona doa la wino kwenye kidole cha Mable. Aliiweka rejista kabatini akafunga kwa ufunguo.

Bwana Leba alikuja Jumamosi saa tatu, Mzungu mwembamba mwenye haraka, pamoja na meneja wa shamba. Alisimama mbele ya kitanda cha Reuben, akaangalia banzi, akaangalia bandeji zilizozunguka kifua kizima.

"Wewe, napigwa na mtu?" aliuliza kwa Kiswahili chake.

Reuben hakujibu. Bwana Leba akamgeukia Mable.

"Yeye nasema nini?"

"Hasemi kitu, bwana," Mable alisema.

"Wewe nesi, wewe naona yeye. Hii ni mambo ya kuanguka?"

Mwanamke wa kichomi alizuia kikohozi. Mwandawiro alisimama mlangoni, kofia mkononi. Mable aliona macho ya Reuben, na hayakuwa yakiomba. Yalikuwa yakingoja tu, kama mtu anavyongoja chenji dukani akijua atapewa.

"Imeandikwa kwenye rejista, bwana," alisema.

Ndambuki aliileta. Bwana Leba alisoma, akatikisa kichwa, akasema neno kwa Kiingereza, na meneja akacheka. Ikawa imekwisha. Meneja aliagiza kwamba mlevi anayevunja mkono wake kwenye toroli ya shamba hana kazi tena hapo, na kwamba nyumba yake ilikuwa ikihitajika, ila kitanda cha wodi aachiwe hadi aweze kutembea. Kesho yake, Jumapili, watu wakiwa kanisani, vyombo vya Wakesho vilitupwa nje ya laini: masufuria, mkeka, kitanda kilichovunjwa mguu. Kiilu na wenzake watatu waliviokota. Kwa mwaka ule wa hamsini na tano watu hawakuthubutu hata kukusanyika watano kulalamika, maana wangeitwa watu wa msituni, yaani Mau Mau, na kesho yake wangekuwa kambini Manyani nyuma ya seng'enge. Kwa hiyo hawakulalamika.

Reuben hakumlaumu Mable. Alikataa chakula chake, basi, na alipokuja kumbadilisha bandeji alifumba macho.

Jumatatu Mwandawiro alitoka nyumbani mikono mitupu. Kiboko na rungu aliviacha nyuma ya mlango. Aliona haya kuvibeba mbele ya watu wa Sagalla baada ya mambo ya Ijumaa. Isitoshe, hasira ilikuwa imetolewa, mashahidi walikuwepo, aogope nini? Alimbusu Dinah kichwani akaenda. Hakukumbuka kwamba aliyetasa ni mmoja, na kwamba wakata mkonge wengi wa shamba lile walikuwa Wakamba ambao maji ya kinywa cha Reuben hayakuwahusu hata kidogo.

Walimfuata katikati ya mkonge, mahali ambapo majani yamepita kichwa cha mtu. Hawakupiga kelele. Yeye ndiye aliyepiga, na dispensari yote ilisikia, mlio mmoja, halafu wa pili, halafu jina la mkewe.

Aliletwa na mlinzi wa ghala na dereva wa trekta, wamemshika mikono na miguu. Shavu lilikuwa limefunuka hadi meno yakaonekana. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilining'inia kwa ngozi. Lakini kilichokuwa kinamuua kilikuwa paja: kisu kilikuwa kimeingia juu ya goti na kuvutwa kupanda, na damu ilikuwa ikiruka kwa mapigo hadi ukutani.

Mable alikandamiza kwa mikono yote miwili. Alihitaji kuufunga mshipa, na ili aufunge alihitaji mtu mwingine wa kukandamiza. Ndambuki alikuwa Voi kuchukua dawa. Aliwaita wale wawili waliomleta, wakarudi nyuma. Mlinzi alikuwa anatapika. Aliita wodini. Mzee Kituku aliinua mkono wake wa bandeji amwonyeshe. Wengine walitazama dari. Hakuna aliyesema hapana. Walikuwa wagonjwa tu, na wagonjwa wana haki ya kulala.

"Nisaidieni," alisema. "Jamani, anakufa."

Akasikia kitanda kinalia. Reuben alikuwa ameteremsha miguu. Alikuja akijishika ukuta, mkono wa kushoto umefungwa kifuani, bandeji za mgongo zikianza kulowa wekundu kwa kule kusimama. Aliweka kiganja cha kulia juu ya paja la Mwandawiro, mahali Mable alipomwonyesha, akaegemea kwa uzito wake wote.

Wakesho alikuwa mlangoni na mtungi. "Reuben," alisema, "muache."

"Nilishatasa," Reuben alisema bila kugeuka.

Mable alifanya kazi. Aliufuata mshipa kwa koleo ndani ya nyama ya mumewe, akaupoteza, akaupata, akaufunga. Machozi na jasho vilimwingia machoni hakuweza kuvipangusa. Damu iliposimama aliinua uso, na uso wa Reuben ulikuwa karibu na wake, umekuwa wa kijivu kwa maumivu.

"Sikuandika," alimwambia.

"Najua. Nitoe mkono sasa?"

"Toa polepole."

Akautoa, akarudi kitandani kwake akijishika ukuta, na Wakesho akaenda kumlaza.

Saa tisa lori la polisi lilifika kutoka Voi. Walikuwa wameshawakamata Wakamba kumi na wawili, wengine wakitolewa kwenye foleni ya maji, na Kiilu alikuwa nao, mdomo umevimba kwa kitako cha bunduki. Sajenti aliingia wodini na daftari. Mwandawiro alikuwa macho, uso umeshonwa, hawezi kusema vizuri. Sajenti alivuta stuli mbili, wakakaa yeye na Mable uso kwa uso.

"Wewe ndiye nesi na ndiye mke. Vizuri. Niambie majeraha, halafu niambie unamshuku nani. Meneja anasema hii ni kazi ya watu wa msituni. Ukisema hivyo hivyo tunamaliza haraka."

Mable alitazama dirishani. Kumi na wawili wale walikuwa wamekaa chini kwenye jua, mikono kichwani. Alijua kwamba neno lake moja lingewapeleka mahali ambapo watu hawarudi, na kwamba neno lingine lingempeleka mumewe jela akitoka kitandani, na yeye na Dinah wangelala stesheni. Hapakuwa na neno la tatu. Alikuwa amelitafuta wiki nzima.

"Nitakwambia yote," alisema. "Lakini siwezi kuanzia leo. Hawa watu hawana msitu wowote. Tutaanza na Jumatatu iliyopita, nilipopokea kuku wawili na kuandika chiti."

"Kuku sikuuliza."

"Najua hukuuliza. Andika."

Sajenti alimtazama, akaangalia kule kitandani, akaangalia mlangoni kama meneja yuko karibu. Alikuwa na uso wa mtu aliyetaka kwenda kula. Hata hivyo alifungua ukurasa mpya. Mable akaanza kusema, kwa sauti ya kawaida, wodi nzima ikisikia: homa ya Reuben, mgongo wa Reuben, idadi ya nyuzi, aliyeshika kiboko, aliyemwambia Ndambuki nini cha kuandika, na yeye aliyeifuta herufi yake kwa mate.

"Mama Dinah," Mwandawiro alisema kutoka kitandani, maneno yakitoka kwa upande mmoja wa mdomo. "Unanimaliza."

Mable alisimama. Alikwenda kumwangalia bandeji ya paja, akaona imekauka vizuri, akamfunika shuka hadi kifuani.

"Nimekutibu," alisema. "Utaishi. Sasa nyamaza, sijamaliza."

Akarudi kwenye stuli, akamuuliza sajenti wamefikia wapi.